Mafunzo ya Nyumbani: Jina Nalo ni Amana

 

Ndugu wasomaji, mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee huliona kuwa ni la vijana tu, nalo ni majina ya tovuti, yaani yale majina ambayo mtu huyaandika katika simu au kompyuta ili afikie ukurasa wa msikiti, au wa madrasa, au wa duka. Mimi si fundi wa mambo hayo. Nimesoma Qurani na shule ya msingi, na kazi yangu ni kusomesha watoto. Lakini jambo hili lilitutia hasarani, na baya kuliko hasara, lilitutia katika dhambi ya kumdhania vibaya ndugu yetu. Na aliyejikwaa yampasa awaonyeshe wenziwe lilipo jiwe.

Mwezi wa Desemba mwaka 2019 madrasa yetu ilitaka kuwa na tovuti, ili wazazi wapate nyakati za sala, siku za darsa na hesabu ya michango. Kijana mmoja aliyesoma kwetu akajitolea. Akaandikisha jina lenye mwisho wa com kwa miaka mitatu, akalilipia kwa fedha zake mwenyewe, akatengeneza kurasa nzuri, wala hakutaka ujira. Sisi wazee tukamwombea dua, tukafurahi, na jambo likaishia hapo. Hapana aliyeuliza: Jina hili limeandikishwa kwa nani? Muda wake waisha lini? Funguo zake ziko wapi? Baadaye kijana yule akapata kazi Muscat, akasafiri.

Ulipofika mwisho wa mwaka 2022 ukurasa ukawa haufunguki. Tukasema, "Mtandao una hitilafu," tukalala. Mwezi wa Machi 2023, Ramadhani ikikaribia, akatujia mama mmoja na simu mkononi, uso umembadilika. Alitafuta nyakati za kufuturu, na mahali pa nyakati zile akakuta picha za kamari. Jina lilikuwa lile lile, halikupungua herufi hata moja, lakini mwenye kulishika alikuwa mtu mwingine.

Barazani watu wakaanza kusema kwamba kijana yule ameliuza jina kwa watu wa kamari. Mmoja alisema, wa pili akaongeza, wa tatu akaapa. Nami mwalimu wake, niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu, nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kama ushahidi juu yake. Baada ya Idi akanipigia simu, kwani maneno yalikuwa yamemfikia. Akanisalimu kwa adabu kama ilivyo desturi yake, kisha akasema, "Maalim, mbona hamkuniuliza?"

Akanieleza yaliyotokea. Jina lililipiwa kwa kadi ya benki ambayo muda wake ulikwisha, na barua za kumkumbusha zilikuwa zikienda katika barua pepe yake ya zamani. Barua pepe ile hakuweza kuifungua tena, kwa kuwa ilitaka namba ya siri itumwe katika laini ya simu aliyoiacha huku. Hakuuza kitu, wala hakuwa na habari. Nilimwomba radhi, kisha nikarudi barazani nikayasema hayo mbele ya wale wale waliosikia ya kwanza. Mwenyezi Mungu ametuonya juu ya dhana katika Surat al-Hujurat, na aya hiyo sisi wenyewe huisomesha watoto kila mwaka.

Basi nikamwomba mwanafunzi wangu anisomeshe, na haya ndiyo niliyoyapata kwake.

Kompyuta hujuana kwa namba, si kwa majina. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila mwenye kompyuta akachukua nakala yake. Watu walipozidi, orodha ile haikutosha, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatunga utaratibu utumikao mpaka leo. Kazi ikagawanywa, kila mmoja akashika fungu lake. Juu kabisa ziko seva za mizizi, zenye majina 13, nazo hujua tu ni nani ashikaye com, na org, na tz ya Tanzania, na ke ya Kenya. Ashikaye tz naye hujua wenye kushika majina yaliyo chini yake, na hivyo hivyo mpaka mtu afike mlangoni anakokwenda.

Jina la namna hii huitwa jina la kikoa. Na neno kikoa wazee wetu wa pwani walikuwa nalo: ni chakula cha shirika, leo huandaa huyu na kesho huandaa yule, na wote wakala pamoja. Kikoa huvunjika pale zamu zote anapoachiwa mtu mmoja, na chetu kilivunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba jina halinunuliwi moja kwa moja, bali hukodiwa. Majina ya com hukodiwa kwa mwaka mmoja mpaka miaka kumi, kisha sharti yalipiwe tena. Shirika liitwalo ICANN, lililoundwa mwaka 1998, limeweka kanuni kwamba msajili, yaani yule auzaye kodi ya majina, amkumbushe mwenye jina kiasi cha mwezi mmoja kabla, na wiki moja kabla, na mara nyingine baada ya muda kwisha. Asipolipa, msajili aweza kumpa muhula usiozidi siku 45. Kisha zipo siku 30 za kulikomboa jina kwa gharama kubwa zaidi, na baada yake siku 5 za mwisho ambazo hapana awezaye kulirudisha. Hapo jina huachwa, na wako watu waliokaa wakiviziia majina kama hayo. Hesabuni: tangu mwisho wa Desemba mpaka katikati ya Machi. Sisi tulikuwa na zaidi ya miezi miwili ya kuliokoa jina letu, tukaipoteza kwa kusema mtandao una hitilafu.

Jambo la pili ni kutofautisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Jina ni kama kibao. Seva, ambamo kurasa huwekwa, ni kama nyumba. Na barua pepe ni kama sanduku la posta. Vyote vitatu vyaweza kulipiwa mahali mbalimbali na kwisha siku mbalimbali. Kinachoviunganisha ni daftari la mipangilio la jina lenyewe. Katika daftari hilo mna mstari uitwao A, uonyeshao namba ya seva zilipo kurasa. Na mstari wa MX, uonyeshao barua zipelekwe wapi. Na mstari wa CNAME, usemao kwamba jina hili ni lakabu ya jina lile. Na mstari wa TXT, ambao huandikwa maneno ya uthibitisho, kama vile kuonyesha ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu.

Mtu akifuta mstari wa MX kwa kutojua, kurasa zitafunguka kama kawaida lakini barua hazitafika, naye atakaa siku nyingi akidhani watu wamemsahau. Basi kabla ya kugusa chochote, nakilini daftari lote kama lilivyo, kisha badilisheni mstari mmoja tu, mtazame. Wala msifanye haraka, kwani kila mstari una muda wake uliohesabiwa kwa sekunde. Ukiwa 3600 ni saa moja, na ukiwa 86400 ni siku nzima. Na mpaka muda huo upite, wako watakaoona mipangilio ya zamani.

Huenda mtu akasema, "Haya hutupata sisi wanyonge tusio na mafundi." Jawabu ni kwamba mwaka 1999, siku za Krismasi, kampuni ya Microsoft, pamoja na utajiri wake wote, ilisahau kulipia jina la passport.com, na watu wengi wakashindwa kufungua barua zao za Hotmail. Mtu mmoja asiyekuwa mfanyakazi wao akalipa dola 35 kwa fedha zake, huduma ikarudi, wala hakuligeuza jina lile kuwa mateka. Basi usahaulifu haumchagui mtu, na uaminifu pia hauna kabila wala cheo.

Na mwingine aweza kuuliza, "Dini yahusu nini na majina ya mtandao?" Yahusu sana. Katika Surat an-Nisa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na jina lililolipiwa kwa ajili ya Waislamu ni amana yao. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qurani, tumeamrishwa kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, si kwa kuwa kila mtu ni mwizi, bali kwa kuwa maandishi huondoa shaka. Lau tungaliandika, kijana wetu asingalisingiziwa.

Kwa hivyo, enyi wenye kusimamia misikiti na madrasa, nanyi vijana mnaojitolea, shikeni haya.

Kwanza, jina liandikishwe kwa jina la jumuiya, si la mtu, na barua pepe ya usajili iwe ya jumuiya, wala isiwe ile inayotegemea jina hilo hilo, kwani jina likizimika nayo huzimika.

Pili, wawe watu wasiopungua wawili wenye kujua funguo, na neno la siri liambatane na uthibitisho wa hatua mbili. Mmoja akisafiri au akifariki, mwingine awepo.

Tatu, andikeni katika daftari jina la msajili, siku ya kwisha, na kiasi cha malipo, nalo likae pamoja na hati za kiwanja. Lipieni miaka kadhaa kwa pamoja mkiweza.

Nne, fungeni kufuli ya kuzuia jina lisihamishwe, na mkiletewa barua ya kudai malipo na mtu msiyemjua, msilipe mpaka mwingie wenyewe kwa msajili wenu mkahakikishe.

Tano, kijana anayejitolea apewe shukrani na pia apewe mkataba mdogo. Mkataba huo ni ngao yake yeye kabla ya kuwa ngao yenu.

Sisi sasa tuna jina jipya la or.tz, ambalo ni fungu la jumuiya zisizo za biashara, nalo limeandikishwa kwa jina la madrasa. Lile la zamani hatukulipata tena, na kila karatasi iliyolitaja tumeiondoa ukutani. Aliyetuongoza katika kuliandikisha jina jipya ni yule yule kijana, kutoka Muscat, usiku baada ya kazi yake. Nasi safari hii tulikuwa na daftari wazi mbele yetu, tukiandika kila alilosema.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema kwa kutojua, na atujaalie kuwa wenye kutunza amana, kubwa na ndogo. Amin.