Mtenda Anayejificha: Kutendwa na Kutendeka si Mapacha

Miongoni mwa mada za sarufi ya Kiswahili zinazofundishwa kwa bidii nyingi lakini zikaeleweka kijuujuu ni mnyambuliko wa vitenzi. Mwanafunzi hukutana na mada hii katika shule ya msingi, huirudia katika shule ya upili, na hufika chuo kikuu akiwa na uwezo wa kulijaza jedwali zima la kauli: tenda, tendea, tendwa, tendewa, tendeka, tendana, tendesha. Hata hivyo, aulizwapo ni wakati gani msemaji huchagua kutendwa na wakati gani huchagua kutendeka, aghalabu husitasita, kisha hujibu kwamba tofauti si kubwa kwa kuwa zote mbili hutafsiriwa kwa namna moja katika Kiingereza. Jibu hilo ndilo kiini cha tatizo.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mtoto aliyeangusha kikombe jikoni, mamaye anapomuuliza kulikoni, hasemi, "Nimekivunja." Wala hasemi, "Kimevunjwa." Husema, "Kimevunjika." Mtoto huyo hajasoma isimu, lakini anajua sarufi ya lugha yake barabara. Anajua kwamba akisema kimevunjwa, swali litakalofuata ni moja tu: "Na nani?" Kiambishi -w- humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima lakini hakimfuti, kinamwachia mlango wazi nyuma ya kitenzi. Kiambishi -ik- huufunga mlango huo. Ndiyo maana Kiswahili sanifu hukubali "Kikombe kimevunjwa na Juma" na hukataa "Kikombe kimevunjika na Juma". Umbo la Kiingereza "was broken", kwa upande wake, laweza kueleza tendo la mtu au hali ya kitu tu. Anayepimia Kiswahili kwa umbo hilo hupima kwa kibaba kisicho chake.

Athari ya jambo hili huonekana wazi katika tafsiri. Tarehe 27 Januari 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani alilihutubia Bunge la nchi yake, na katika hotuba hiyo akagusia silaha zilizokuwa zimeuzwa Iran kwa siri. Alikubali kuwa alichukua hatua ya hatari isiyofaulu, na akasema wajibu wa jambo hilo ulikuwa wake. Lakini alipoyafikia makosa yenyewe, alitumia sentensi isiyo na mtenda: "serious mistakes were made". Mtafsiri wa Kiswahili anayeipokea sentensi hii hana pa kujificha. Akiandika "makosa makubwa yalifanywa", msomaji atauliza yalifanywa na nani. Akiandika "makosa makubwa yalifanyika", makosa yanakuwa kama mvua iliyonyesha usiku watu wakiwa wamelala. Kiingereza kilimruhusu msemaji kukaa katikati, ilhali Kiswahili kinamlazimisha mtafsiri kuchagua, na uchaguzi huo si wa sarufi peke yake.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuiepuka kauli ya kutendwa kabisa. Ushauri huu umetoka katika miongozo ya uandishi wa Kiingereza, na mtetezi wake mashuhuri ni George Orwell, ambaye katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza alisisitiza kwamba kutendwa kusitumiwe pale ambapo kutenda kunafaa. Kwa Kiingereza, huenda ushauri huo una mashiko. Kuubeba mzimamzima na kuuingiza katika Kiswahili ni kumwadhibu asiye na hatia. Katika Kiswahili, kutendwa hubakiza nafasi ya kumtaja mhusika. Anayemficha ni kutendeka.

Aidha, kutendwa kwa Kiswahili hufanya kazi ambazo Kiingereza hakiwezi kuzifanya kwa kitenzi kimoja. Tuchukue kitenzi kufa. Kufa hakuna yambwa, na kwa kipimo cha Kiingereza hakuwezi kugeuzwa kuwa kutendwa. Lakini Kiswahili hukipa kitenzi hicho kiambishi cha kutendea, kisha cha kutendwa, na kupata fiwa: "Amefiwa na babaye." Vivyo hivyo nyesha huzaa nyeshea na nyeshewa: "Walinyeshewa na mvua njiani." Hapa kiima ni yule aliyepatwa, aliyebaki na hasara mkononi. Anayeshangaa na aitazame lugha ya Kijapani, isiyo na udugu wowote na Kiswahili. Huko shinu ni kufa na shinareru ni kufiwa. Furu ni kunyesha na furareru ni kunyeshewa. Mjapani aliyefiwa na babaye husema "chichi ni shinareta", naye aliyenyeshewa husema "ame ni furareta". Lugha mbili zilizotengwa na bahari zimeona haja moja, ya kumpa nafasi ya kwanza katika sentensi yule aliyeumia.

Wala idadi ya kauli si sheria iliyoandikwa mawinguni. Wanasarufi wa Kigiriki cha kale walitambua kauli tatu: kutenda, kutendwa na ile ya katikati, ambapo tendo humrudia mtenda. Louo ilikuwa kumwosha mwingine, na louomai kujiosha mwenyewe. Karibu na nyumbani, Chichewa cha Malawi hutenganisha kutendwa kwa -idw- na kutendeka kwa -ik-. Mgawanyo huu, basi, si ukaidi wa Kiswahili. Ni mali ambayo lugha za Kibantu zinaimiliki kwa pamoja.

Ikiwa hivyo ndivyo, ni hasara ilioje kuona mali hiyo ikitumiwa kuficha badala ya kufichua! Mwananchi anayefuata stakabadhi zake ofisini huambiwa, "Faili haionekani." Haelezwi nani aliiweka wapi, wala nani aliitafuta akaikosa. Kumbukumbu za mikutano husema "imeonekana ni vyema" bila kusema aliyeona. Ripoti husema risiti "hazikupatikana" na fedha "zilipotea". Kitenzi potea hakina -ik-, lakini hufanya kazi iyo hiyo: humwacha mpotezaji nje ya sentensi. Mwandishi wa habari anayeyanukuu maneno hayo bila kuuliza "na nani?" huwa amekubali kuwa karani wa mtenda anayejificha.

Hapana budi kuwa na insafu. Kutendeka si kauli ya waongo. Barabara isiyopitika wakati wa masika haipitiki kweli, na mwandiko usiosomeka hausomeki hata msomaji akiwa na nia njema. Kuna pia mambo ambayo kwa hakika hayana mtenda, na kumbuni mtu wa kulaumiwa ni uongo wa aina nyingine. Kinachotakiwa ni msemaji ajue anachokichagua, na msikilizaji ajue alichonyimwa.

Hapo ndipo darasa lina kazi. Zoezi la "geuza sentensi hii iwe katika kauli ya kutendwa" humfundisha mwanafunzi kubandika kiambishi. Halimfundishi sababu ya kukibandika. Lingefaa zaidi zoezi linalompa aya ya ripoti na kumtaka atenge vitenzi vinavyokubali "na fulani" na visivyokubali, kisha aeleze msomaji ameambiwa nini na amefichwa nini. Mwanafunzi wa namna hiyo ataielewa sarufi, na kesho akiwa mwalimu, mhariri, mtafsiri au karani wa bunge, hatadanganyika kwa urahisi.

Neno kauli, kabla ya kuwa istilahi ya sarufi, lilikuwa na bado ni neno la usemi: kauli ya mtu ni neno alilolitamka na analowajibika kwalo. Wataalamu waliolichagua kuwa jina la maumbo ya vitenzi waliacha ndani yake onyo la kutosha. Kila kitenzi kinaponyambuliwa, yupo aliyekinyambua, na yafaa aulizwe kwa nini.