Manowari Mpya na Nafasi ya Kesho

Aundaye chombo cha kutumika miaka 35 au 40 haundi kwa haja za leo peke yake. Huo ndio mtihani uliowakuta wasanifu wa Jeshi la Majini la Marekani. Manowari zao za aina ya Arleigh Burke, ambazo ya kwanza yake iliingia kazini mwaka 1991, ziliongezewa rada na silaha toleo baada ya toleo, hata nafasi na umeme wa kubebea mitambo zaidi vikakaribia kwisha.

Mradi wa mrithi wake, DDG(X), uliwekewa shabaha ya umbo kubwa zaidi na mfumo mmoja wa umeme wa kuendesha rafadha na silaha pia.

Lakini ibra ipo karibu. Manowari za Zumwalt zilikusudiwa kuwa 32. Zikaundwa 3 tu. Mambo mapya yalirundikwa kwa pamoja, gharama zikapanda, idadi ikakatwa. Idadi ilipokatwa, bei ya kila kombora la mizinga yake ikapaa, hata ununuzi ukaachwa, na mizinga ikabaki bubu.

Kukawia nako kuna bei, kwani chombo kikuukuu humchosha baharia, naye ni mwana wa watu. Basi ajengaye, iwe manowari au nyumba, na aache nafasi ya chumba cha kesho, wala asitake kukijenga leo. Mali ya umma ni amana.