Jiwe la Mwezi wa Desemba

Tumeulizwa na kijana mmoja aliye katika kuposa. Mchumba wake amezaliwa Desemba, na jamaa zake washikilia kwamba hana budi kuvishwa pete ya Tanzanaiti, jiwe la mwezi huo, la sivyo ndoa itaingia nuksi. Kijana fedha hana, na yu tayari kukopa.

Kwanza na tulijue jiwe lenyewe. Tanzanaiti ni neema aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika ardhi ya Mererani, wilaya ya Simanjiro, wala haichimbwi penginepo duniani. Ukiigeuzageuza utaona samawati, kisha zambarau, kisha wekundu wa hudhurungi. Mawe mengi hutoka chini yakiwa ya hudhurungi. Hutiwa katika moto wa kiasi cha digrii 600 ndipo yakapata usamawati ule upendwao. Si gumu kama yakuti, na likigongwa hupasuka. Mwenye pete yake na aivue kabla ya kushika mchi au mbuzi ya nazi.

Sasa nasi twauliza. Jiwe hili lilianza kujulikana mwaka 1967, na jina lilipewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Orodha ya mawe ya miezi itumiwayo siku hizi ilitungwa na masonara wa Marekani mwaka 1912, na Tanzanaiti ikatiwa humo mwaka 2002. Je, bibi zetu waliozaliwa Desemba kabla ya hapo, ndoa zao zililindwa na nini? Na aliyezaliwa Rajabu, mwezi uzungukao misimu yote, atafutiwe jiwe lipi? Nuksi iliyopangwa na wauzaji ni nuksi ya ajabu!

Pambo halikukatazwa. Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi. Lakini kujipamba ni mbali, na kulitegemea jiwe likulinde ni mbali. Sayyidna Omar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka wazi kwamba ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, naye asingelibusu lau hakumwona Mtume akilibusu. Ikiwa la Al-Kaaba lasemwa hivyo, la Mererani litalinda nyumba ya nani?

Basi kijana wetu asikope. Na amtume mzee wake akazungumze na wakwe kwa adabu, wapatane mahari kwa kadiri ya uwezo wake. Siku Mungu akimjaalia, amnunulie mkewe Tanzanaiti kwa mapenzi.

Kuna na aliyeuliza juu ya Zaka. Kito cha kuvaa hakina Zaka katika madhehebu yetu ya Shafii. Ama mwenye duka la vito, mali yake ya biashara ikitimia nisabu na mwaka, hutoa 2.5 katika kila mia.