Kura Zisizo na Majina

Mwananchi wa Mahongole akitaka kujua Mbunge wake alisema nini Dodoma, atayakuta maneno hayo katika Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansadi. Lakini akitaka kujua Mbunge huyo huyo aliupigia kura gani muswada fulani, kwa kawaida hatakuta kitu. Spika huwahoji Waheshimiwa; wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo; naye hupima kwa sikio, kisha huandikwa kwamba hoja imeafikiwa. Nani alisema siyo? Wa chama kipi? Kumbukumbu haisemi.

Marekani kura za majina zimehifadhiwa tangu Bunge lao la kwanza mwaka 1789. Kwa kumbukumbu hizo wataalamu Keith Poole na Howard Rosenthal walibuni hesabu ya kuwapanga wajumbe: wanaopiga kura pamoja hukaribiana, wanaopingana hutengana. Ikadhihirika kwamba vyama vyao viwili vimeachana mno kuliko ilivyokuwa katikati ya karne ya 20. Sisi hesabu hiyo hatuwezi hata kuianza. Twaweza walipotaka kuwapima Wabunge wetu, walihesabu maswali na michango yao. Wangehesabu nini kingine?

Itasemwa: mbona kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa majina? Ni kweli, na ndipo penye mtego. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, na Ibara ya 71 inasema Mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Kufukuzwa chamani si kitisho cha kufikirika: mwaka 1968 TANU iliwafukuza wanachama kadhaa, miongoni mwao Joseph Kasella-Bantu, na ubunge wao ukaisha. Kwa hiyo mtafiti akizijumlisha kura za bajeti atapata umoja wa ajabu ndani ya chama tawala, wala hatajua ni umoja wa fikra au wa khofu.

Alama bora zaidi tuliyo nayo haikutoka katika kura, bali katika saini. Aprili 2012 Zitto Kabwe wa CHADEMA alikusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Zilihitajika za asilimia 20 ya Wabunge wote, takriban 70. Miongoni mwa waliotia saini alikuwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa, mwana CCM, wa mkoa wetu huu wa Njombe. Hoja haikufikia kupigiwa kura. Spika wakati huo alikuwa Anne Makinda, Mbunge wa Njombe Kusini. Hata hivyo Mei 2012 Rais Kikwete alilipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa. Karatasi moja yenye majina ilitufunulia yale ambayo miaka mingi ya "ndiyo" haikuyafunua.

Wapo wanaohoji kwamba majina yakiandikwa, chama kitapata orodha ya kuwaadhibu wakaidi. Hoja hii ina uzito. Katika Bunge Maalum la Katiba, mwaka 2014, wajumbe waliruhusiwa kuchagua kura ya wazi au ya siri. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, aliikataa waziwazi baadhi ya Ibara. Siku chache baadaye uteuzi wake ukatenguliwa. Lakini chama kina wanadhimu wake ukumbini, nacho kinawajua wakaidi wake hata bila ya orodha. Asiyejua ni mpiga kura.

Kuirekebisha Ibara ya 71 ni kazi ndefu, inayodai theluthi mbili ya Wabunge. Kuandika majina si hivyo. Kanuni za Bunge hutungwa na Bunge lenyewe chini ya Ibara ya 89, na Waheshimiwa wanaweza kuibadilisha kanuni ya kura katika mkutano wowote watakaotaka.