Mkutano unaweza kungoja, ziwa halingoji

Mwaka wa 2020, wahandisi wanaoshughulika na pwani, bandari na mawimbi walikuwa na miadi ya kukutana Sydney, Australia. Mkutano wao wa kimataifa ulianza mwaka wa 1950 huko Long Beach, Marekani, na kwa kawaida unafanyika kila miaka miwili. Korona ikafunga mipaka, mkutano ukaahirishwa. Watu hawakuonana Sydney mpaka Desemba 2022.

Je, walikosea? Hapana. Uzima wa watu unapita hotuba. Lakini tuangalie namna walivyoahirisha. Oktoba 2020 walikutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa kwao, wakaelezana utafiti wao. Kisha mkutano wenyewe ukafanyika. Kuahirisha bila tarehe mpya, na bila mtu wa kuendelesha kazi, ni kuacha.

Wengine watauliza: sisi wakaaji wa Kivu na Tanganyika, mambo ya bahari yanatuhusu nini? Pwani ya Congo kule Muanda ni kilometa karibu 40 tu, na kutoka Uvira ni mbali kuliko Dar es Salaam. Lakini maswali ya wahandisi hao ndiyo maswali yetu. Mawimbi yanakula udongo kiasi gani? Mchanga unahamia wapi? Gati ijengwe kwa kimo gani? Nyumba ikae umbali gani na maji?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na inchi ine zinaligawana: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mito mingi inaingia humo, Ruzizi ikiwemo. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Mvua zikizidi, maji yanapanda, na hayashuki upesi kwa sababu mlango ni mmoja. Mwaka wa 2024 ziwa liliingia katika nyumba za watu Uvira, Kalemie na Bujumbura. Na Aprili 2020, wakati dunia ilikuwa inafuta mikutano, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba.

Hatukosi fasi ya kuzungumzia mambo haya. Inchi hizo ine zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka wa 2003, na mamlaka ya pamoja iko Bujumbura. Tunachokosa ni kazi inayoendelea kati ya mkutano mmoja na mwingine.

Vita vinazuia mikutano mingi, hilo tunalielewa. Lakini kupima maji hakuombi hoteli wala tikiti ya ndege. Kunaomba nguzo yenye alama kwenye kila bandari, mtu wa kuisoma kila asubuhi, mshahara wake unaofika, na redio ya kutangaza kipimo hicho kwa Kiswahili. Mvuvi na mama muuza samaki watajua mapema kama maji yanapanda.

Lukuga nayo ichunguzwe vizuri kabla ya mtu kuleta mashine za kuchimba. Mchanga na majani vinaweza kuziba mto, ni kweli. Lakini mlango ukipanuliwa ovyo, miaka ya ukame ikirudi ziwa litashuka na boti zitashindwa kufika gati. Na serkali ikisema watu wasijenge kando ya maji, iwaonyeshe kiwanja kingine. Bila hivyo watarudi palepale.

Basi, mara nyingine tukisikia kwamba mkutano wa ziwa umeahirishwa, tusinung'unike tu. Tuwaulize viongozi wetu mambo matatu: tarehe mpya ni ipi, nani anaendelea na kazi, na leo asubuhi maji yalikuwa kwenye alama gani. Mkaaji wa Kavimvira anataka kujua kama mvua zijazo atalala kwake.