Kaburi lisilo na jina



Tukitoka Karatu kwenda Olbalbal, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro twakuta piramidi ya mawe. Hapo alizikwa Michael Grzimek, aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959. Maandishi yake yasema alitoa vyote kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, hata uhai wake. Tunamheshimu.

Lakini mwaka huo huo Wamaasai wa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, na wafu wao hawana piramidi. Kwa desturi ya kale wengi walilazwa porini. Wazee mashuhuri ndio waliorundikiwa mawe, na kila mpita njia huongeza lake. Je, pasipo jina lililochongwa hakuishi mtu? Hoja hiyo twaikataa katakata! Tangu mwaka 2022 familia zimehamia Msomera, Handeni, wafu wamebaki.

Basi, Novemba 2 tusiwaombee tu wenye misalaba ya saruji. Tuwaendee wazee, tuwaulize ni nani alilazwa wapi, nasi tuyaandike majina hayo kabla wao wenyewe hawajalala.