Kiunzi cha Chatu

Wasomaji wengi wamepata kumwona chatu aliyekaushwa, ama katika jumba la makumbusho, ama juu ya kabati la shule. Mara nyingi hafanani na chatu hata kidogo, bali hufanana na gunia refu lililoshindiliwa mahindi. Kosa halimo katika ngozi. Limo katika kile kilichotiwa ndani yake.

Zamani mafundi walijaza ngozi majani makavu mpaka ikakaza. Bwana Carl Akeley wa Marekani, yule aliyejeruhiwa na ndovu katika Mlima Kenya mwaka 1910, alikuwa miongoni mwa walioeneza njia iliyo bora: kuunda kwanza mwili wa mnyama kwa udongo, kuutolea kalibu, kisha kuivika ngozi juu ya kiunzi chepesi kilichotoka katika kalibu hiyo. Siku hizi viunzi vya wanyama wengi huuzwa tayari. Lakini chatu mkubwa hanunuliwi kiunzi kama mtu anunuavyo shati. Wawili wenye urefu mmoja huweza kupitana sana kwa unene, na kila mmoja hulala kwa namna yake. Basi yafaa kila chatu aundiwe kiunzi chake.

Kwanza kibali. Chatu aliyekutwa amekufa shambani si mali ya mwenye shamba, na kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kuweka ngozi yake bila kibali ni kosa.

Kisha vipimo, navyo huchukuliwa kabla kisu hakijagusa ngozi. Ngozi ya chatu ikisha kuchunwa hunyumbuka mno: chatu wa mita 4 aweza kutoa ngozi inayokaribia mita 5. (Ndiyo maana habari nyingi za chatu wa ajabu hazifai kusadikiwa, aliyepimwa si nyoka, ni ngozi.) Mzoga hulazwa juu ya ubao, ukapimwa toka pua hata tundu la haja, na toka hapo hata ncha ya mkia. Unene nao huzungushiwa uzi kila baada ya sentimita 10, na hesabu huandikwa daftarini. Mwandishi akisinzia katikati, kazi yote imeharibika.

Wengine huchonga kiunzi kwa povu gumu la plastiki. Wengine huzungushia waya mnene nyuzi za mbao, wakizikaza kwa uzi mpaka kila mahali palingane na daftari. Hapo ndipo fundi hujulikana, kwa maana mwili wa chatu si bomba. Akipumzika, tumbo hulala bapa na mgongo huinuka. Mkunjo wa chini hubonyea kwa uzito wa ule wa juu. Uti wake una pingili zaidi ya 300, kwa hiyo hapindi kama kiwiko, bali kila pingili hupinda kidogo tu. Upande wa ndani wa pindo magamba husongana, na upande wa nje huachana.

Ngozi iliyotengenezwa hujaribiwa ingali mbichi. Ikipwaya, kiunzi huongezwa; ikibana, kiunzi hupunguzwa, wala ngozi haivutwi kwa nguvu, kwani ikikauka hujikaza na kuufumua mshono wa tumboni. Mwisho hukaushwa kivulini, polepole, kisha fundi huyarudisha kwa rangi nyepesi yale madoa yaliyofifia.